Flashi ya Kaloki

Kila Jumamosi asubuhi, Faiza alifagia saiba, chumba cha intaneti cha mama yake, mjini Machakos, akapanguza vioo vya kompyuta na kuziwasha kabla wateja hawajafika. Kazi hiyo aliipenda, ila kanuni moja ilimchosha. Programu ya kukinga virusi ikiomba kuwekewa toleo jipya, lijaribiwe kwanza kwenye kompyuta ya mlangoni, na nyingine zingoje hadi jioni.

Siku hiyo Faiza alikuwa na hamu ya kucheza gemu. Ujumbe ulipotokea, alibofya "ndiyo" kwenye kompyuta zote, akaketi kucheza.

Saiba ilipojaa watu, kioo kimoja kikawa cheusi. Kikafuata cha pili. Kufumba na kufumbua, kompyuta zote zilikuwa zikijizima na kujiwasha zenyewe bila kufunguka. Watu wakapigwa na butwaa.

"Woi! Kazi yangu yote!" Mwanamke mmoja akashika kichwa.

"Nani amegusa nini?" akauliza Bi Safiya, mama yake Faiza.

Macho ya Faiza yakatua kwa Kaloki, mwanafunzi mwenzake wa darasa la saba, ambaye Bi Safiya alikuwa akimfundisha kuchapa bila malipo. Alikuwa amevaa flashi ya kuhifadhia kazi zake shingoni kama vijana wote wa mjini.

"Ni Kaloki! Nimemwona akichomeka flashi kabla haijapimwa virusi," Faiza akasema.

Kaloki akaduwaa. "Mimi? Aki Mama Faiza, si mimi! Hata sijaitoa shingoni."

Lakini nani angemsikiliza? Wateja walikuwa wamemkodolea macho ya hasira.

"Toka," Bi Safiya akamwambia. "Usikanyage hapa tena."

Kaloki akatoka akilia. Faiza aliona aibu, aibu kubwa, ila akajifanya anakagua nyaya za kompyuta.

Punde simu ikalia. Alikuwa Tariq, ndugu yake Bi Safiya, mwenye saiba Kangundo.

"Hata zako? Zote? Na Nairobi pia?" Bi Safiya akakata simu, akawatazama wateja kwa mshangao. "Toleo jipya la ile kinga lina kasoro. Kila aliyeliweka, kompyuta zake zimezima."

Kisha akamgeukia bintiye. "Faiza, flashi ya Kaloki ilifikaje Kangundo?"

Faiza akaangua kilio. "Ni mimi, Mama. Nilibofya zote. Kaloki hakufanya chochote."

Bi Safiya akaketi kwa kishindo. Kisha akamshika Faiza mkono, wakamfuata Kaloki, wakamrudisha. Faiza akamwomba msamaha mbele ya wateja walewale.

Jioni Tariq akaja na marekebisho yaliyotumwa na watengenezaji. Kompyuta zikafunguka, na yule mwanamke akaikuta kazi yake.

"Waliotengeneza kinga walikosea, wakasema, wakarekebisha," Bi Safiya akawaambia watoto. "Nawe Faiza ungesema mapema, ningekukaripia, yakaisha. Badala yake ulimtwika mwenzako kosa lako. Ukikosea, sema ni wewe, hata kama unaogopa."

Akamvutia Kaloki kiti. "Na mimi nilikufukuza bila kuuliza. Nisamehe, mwanangu."