Kamba ya Ng'ombe

— Baba Robi, hiyo kamba ya ng'ombe umeileta huku ya nini?

Masatu aliivuta kamba mapajani mkewe, Wankyo, alipomkaribia. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yao ya zamani, iliyoezuliwa mwaka jana walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Tangu mgodi wa Buhemba alikochimba dhahabu ufungwe alikuwa akififia, na baada ya kuhama hata kuoga akawa wa kubembelezwa. Leo alitoka bila kuaga, na moyo wa Wankyo ukamwambia akimbilie mahameni.

— Rudi, mama Robi. Zamani nilikuwaga mtu. Sasa naamka ili iweje?

— Unataka kujiua?

Akainamisha kichwa. Wankyo hakulia. Akatoa lile aliloficha mwezi mzima.

— Nilikuandikisha kwa mwenyekiti Apolinary. Nilisema umekubali kusimamia kisima cha kijiji.

— Umenisemea uongo?

— Ndiyo. Wamekungoja mpaka wamechoka. Yule kijana Thadeo ameanza kuchimba, amefika futi ishirini.

— Kuta amezikinga kwa magogo?

— Magogo gani?

Masatu akasimama. — Udongo ule utamfukia.

Njia nzima alimgombeza mkewe, akamwita mwongo, na Wankyo akayapokea yote kwa furaha. Miezi mingi mtu huyu hakuwa na hasira na chochote.

Alipofika kisimani alimtoa Thadeo shimoni, akaagiza magogo yakatwe, kisha akajifunga kamba ile ile kiunoni ashuke kukagua kuta. Mwenyekiti akaita wanaume waishike.

— Ataishika mama Robi, alisema Masatu.

Wankyo akaizungusha kwenye kisiki, akaing'ang'ania. Mumewe akashuka, akatokomea. Mara kamba ikalegea.

— Baba Robi?

Watu wakaacha kukata magogo.

— Baba Robi, nijibu.

Wankyo akapiga magoti ukingoni, akafanya ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

— Masatu!

Sauti ikatoka chini, nzito.

— Usiniite jina mbele za watu. Nilifungua kamba nikakae kidogo.

— Kukaa kufanya nini?

— Kufikiri. Bado ninaumwa, mama Robi. Kesho nipeleke hospitali Musoma.

— Nitakupeleka.

— Basi kaza kamba. Nimeshajifunga, ninapanda.