Walioomba Giza

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Fundi alipoingiza gari kwenye kituo cha mafuta, ingawa hakuwa na haja ya mafuta. Alitaka ndoo ya maji na tambara tu. Vumbi la siku nzima lilikuwa limezilalia paneli za jua zilizofunika gari, na paneli yenye vumbi ni sawa na mtu aliyekaribishwa karamuni huku amefungwa mdomo.

Gari lenyewe lilikuwa kazi ya mikono yake. Alilikuta limetupwa nyuma ya karakana, bovu, kuku wanatagia ndani. Akatoa injini, akapachika mota, akapanga betri chini ya viti, kisha akalivika paneli kuanzia boneti hadi paa lote. Majirani walimcheka mpaka asubuhi lilipotoka uani kimya kimya, kama paka. Sasa lilikuwa safarini, mwendo wa siku kadhaa, likimrudisha Shangazi nyumbani kutoka hospitali ya macho. Fundi na mumewe walipokezana usukani.

Shangazi ndiye aliyemlea Fundi tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alikaa kiti cha nyuma, macho yote mawili yamefungwa bendeji nyeupe iliyozungushwa kichwani. Daktari alikuwa amesisitiza: isifunguliwe mpaka muuguzi wa kwao aikague. Mwanga ukiingia kabla ya wakati, kazi yote ni bure.

"Gari hili halili, halinywi, halikoromi," Shangazi alisema. "Lingekuwa mwanamume ningeolewa tena."

"Shangazi, mbona mimi nakula kidogo tu?" mume wa Fundi akajitetea.

"Wewe? Sufuria zinakujua, baba."

Walikuwa bado wanacheka mlinzi wa kituo alipoleta ndoo. Alikuwa mzee mwembamba, koti limemzidi. Akazitazama paneli. Akalitazama jua. Kisha akamtazama Fundi.

"Hili linakula jua?"

"Ndiyo, mzee."

"Na usiku?"

"Tunatumia akiba ya betri. Inatosha kutufikisha mji unaofuata."

Mlinzi akaweka ndoo chini taratibu. "Malori hupita hapa saa zote, sina neno nayo. Lakini hili lenu... Mngelala hapa, mama."

"Kuna chumba?"

"Kuna benchi."

Fundi akageuka kumtazama Shangazi. Upepo ulikuwa unavurumisha mchanga uwanjani. "Mgonjwa wa macho hawezi kulala nje, mzee wangu. Kwani huko mbele kuna nini?"

"Hakuna kitu. Uwanda mtupu." Akasogea karibu zaidi, sauti ikashuka. "Likianza kushiba gizani, msisimame. Na wakiomba, msiwape."

"Nani hao?"

Mzee alikuwa ameshaanza kuondoka.

Mume wa Fundi alicheka kidogo walipoingia barabarani. Kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Uwanda ulikuwa kama mzee alivyosema. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mti wa maana. Jua likazama, wekundu ukafifia, giza likashuka kama pazia. Fundi akawasha taa. Kwenye dashibodi, mshale wa mita inayoonyesha nguvu ya jua ukalala chini kabisa, kama ulivyolala kila jioni. Mota ikawa inavuma polepole. Mumewe akaegemea dirisha, akasinzia.

Wakaenda hivyo muda mrefu.

Kisha mshale ukatikisika.

Fundi akadhani ni waya umelegea. Akaigonga mita kwa kidole. Mshale ukapanda kidogo. Ukasita. Ukapanda tena...

Nje kulikuwa giza totoro. Hata mwezi haukuwepo.

"Amka," akamnong'oneza mumewe. "Tazama."

Mumewe akafumbua macho, akatazama mita, akatazama nje, akarudi kwenye mita. Mshale ulikuwa umefika katikati.

"Si unasema mita hii ni nzima?"

"Nzima."

Kabla hajaongeza neno, Shangazi akajigeuza kitini. "Jamani, jua hili! Nipeni kitu nijifunike mkono."

 Mume wa Fundi akanyoosha mkono nyuma, akamgusa. Mkono wa Shangazi wa upande wa dirisha ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoipuliwa sasa hivi. Mkono wa pili ulikuwa baridi.

"Shangazi," Fundi alisema polepole, "saa hizi ni usiku."

"Usiku gani, mwanangu? Mchana mweupe huu! Hata bendeji haizuii." Akainua uso kuelekea dirishani. "Eh, na watu wenyewe wako shambani."

Fundi akatupa jicho dirishani. "Watu gani?"

"Wavunaji. Wengi kweli..." Shangazi akasogeza uso karibu na kioo. Aliporudi kusema, uchangamfu ulikuwa umemtoka. "Lakini wanavuna nini? Mikono inakata, inakata, na hakuna kitu mikononi. Shamba ni tupu."

Harufu ikaingia. Majani makavu. Jasho. Chuma kilichosahauliwa juani.

"Wametuona," Shangazi alisema.

Fundi akakanyaga pedali hadi mwisho.

"Wanatupa mundu zao chini. Wanakuja mbio."

Mbele, taa zilimulika lami tupu. Lakini walisikia wote watatu. Nyayo. Nyayo nyingi, pekupeku, pande zote mbili za gari, zikienda sawa na mwendo wake. Pumzi za watu waliochoka. Na kitu kikipapasa mlango... taratibu, kama kipofu anayetafuta komeo.

Mshale ulikuwa umefika mwisho wa mita, nao ulikuwa bado unasukuma.

Ndipo moshi ukafuka chini ya kiti cha Shangazi.

Betri zilikuwa zimeshiba kupita kiasi. Fundi alilijua jambo hilo vizuri kuliko alivyojua kuomba dua. Akabonyeza swichi ya kukata paneli. Mshale haukushuka. Akabonyeza tena. Moshi ukazidi, mchungu, unakereketa koo.

"Zitalipuka," alisema.

"Mzee alisema tusisimame!"

"Zitalipuka na Shangazi amezikalia!"

Akasimamisha gari.

Nyayo nazo zikasimama.

Walitoka na blanketi, yeye upande mmoja, mumewe upande wa pili. Nje kulikuwa baridi, kimya, nyota tele. Lakini Fundi alipotandika blanketi juu ya paneli, kiganja chake kikagusa kioo, akapiga kelele. Kilikuwa kinaunguza kama cha saa sita mchana. Wakalifunika boneti, wakalifunika paa, wakatoa hata mashuka ya Shangazi kutoka kwenye buti. Moshi ukaanza kupungua.

Hapo ndipo aliposikia sauti ya Shangazi. Ilikuwa sauti ya chini, laini, ile ile aliyobembelezwa nayo utotoni.

"Pole, mwanangu. Tangu lini?"

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Shangazi ameketi miguu nje, ameinama mbele, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyesimama magotini pake.

Hapakuwa na mtoto.

"Hujalala hata mara moja? Na mama yako je...? Maskini."

"Shangazi." Fundi alikuwa ananong'ona. "Unaongea na nani?"

"Na huyu binti. Anasema mvua zilikuwa karibu na mavuno hayajaisha, wazee wao wakamwendea mchawi awashikie jua lisizame. Akalifunga. Kisha akafa kabla hajalifungua." Akatikisa kichwa. "Mavuno yaliisha, mwanangu. Mvua haikuja tena. Usiku haukuja tena. Na mtu asiyepata usiku hafi, wala haishi."

"Wanataka nini?"

"Usingizi, basi. Anasema nimebeba giza usoni. Anaomba kipande."

"Usimpe! Shangazi, daktari..."

"Mtoto anaomba usingizi, nimnyime? Mimi niliyekesha na wewe surua ilipokushika?"

Vidole vyake vilikuwa tayari nyuma ya kichwa, vinafungua fundo.

Fundi akamrukia. Alichelewa. Bendeji ilikuwa imefunguka, akaidaka ncha. Na upande wa pili... upande wa pili kitu kikaivuta. Si kwa nguvu. Kiliivuta kama mtoto avutavyo nguo ya mama yake sokoni, kwa aibu, kwa matumaini. Kitambaa kikanyooka hewani kati yao, cheupe, kinaelea gizani.

Kisha kikamponyoka, na hakikuonekana tena.

Katika kimya kile wakasikia sauti ndogo, karibu kabisa na ardhi.

Mwayo.

Mwayo mrefu wa mtoto aliyechoka. Halafu pumzi zikitulia, moja baada ya nyingine, kama za mtoto aliyewekwa kitandani.

Shangazi akatabasamu. Na kila upande wa barabara, nyayo zikaanza kuja. Zote kwa pamoja.

Fundi akamsukuma ndani, akamfunika uso kwa kanga, akabamiza mlango. Mumewe alikuwa ameshashika usukani. Gari likaruka mbele na mablanketi yakipepea juu yake.

"Wanalia," Shangazi alisema chini ya kanga. "Mnawasikia? Watu wazima wanalia."

 Kitambo kidogo baadaye, mshale ukadondoka ghafla hadi chini, harufu ikatoweka, na mkono wa Shangazi ukapoa.

Siku walipofika nyumbani walimpeleka moja kwa moja kwa muuguzi. Walijitayarisha kwa mabaya. Muuguzi akamulika jicho moja, akamulika la pili, akaita wenzake waje kutazama. Macho yalikuwa yamepona. Yalikuwa safi, maangavu, kama ya msichana. Mume wa Fundi alilia machozi hadharani, na hakuna aliyemtania.

Jioni ile taa zilipozimwa, Shangazi alibaki sebuleni akitunga uzi kwenye sindano.

"Mbona mnakwenda kulala mchana?" akauliza.

Mwanzoni walidhani ni utani wake. Baadaye wakaelewa. Kwake yeye giza lilikuwa limekwisha. Walining'iniza mablanketi madirishani. Walimfunga kitambaa kizito cheusi, mara mbili, mara tatu. Hakikusaidia. Aliona ukuta, aliona dari, aliona nyuso zao wakiwa wamelala. Hakusinzia usiku ule, wala uliofuata, wala mwingine wowote tangu hapo. Hakukonda, hakuugua. Anakaa kitini, ameshika kitu cha kushona, anasubiri watu waamke.

Mume wa Fundi alitaka kurudi. Alisema atakwenda mwenyewe hadi uwandani, atasimama katikati ya barabara, aidai bendeji.

"Thubutu!" Shangazi alimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimkaripia. "Ukiichukua, yule mtoto ataamka."

Mambo yakaishia hapo. Fundi hakuuliza zaidi, ila usiku mmoja, alipomkuta peke yake sebuleni, akaketi miguuni pake kama zamani.

"Shangazi, na wale wengine?"

Shangazi aliendelea kushona gizani, mshono ulionyooka kama rula.

"Walikuwa wengi, mwanangu, na kitambaa kilikuwa kimoja." Akakata uzi kwa meno. "Waliniuliza wewe ni nani. Nikawaambia ni mwanangu. Wakauliza kama unalala vizuri."

"Ukawaambia nini?"

Shangazi akamtazama kwa yale macho yake mapya. 

"Nenda ukalale," akasema. "Nenda upesi, wakati bado unaweza."

Fundi akaenda. Akajilaza kando ya mumewe, akavuta shuka, akafumba macho.

Nyuma ya kope zake hapakuwa na giza. Palikuwa pekundu, kama mtu aliyelala chali juani adhuhuri. Akazikaza kope. Wekundu ukazidi. Na pale karibu na mto, karibu kabisa na sikio, mtu mzima akakohoa kidogo. Kikohozi cha adabu, cha mtu anayeona haya, ambaye anataka kuomba kitu.