Paa Lililotazama Barabarani

Jirani zangu, leo nataka niwaingize ndani ya nyumba moja ambayo wengi wenu mmeishia kuitazama kwa nje. Ni ile ya paa la rangi ya damu ya mzee, pale kwenye kona. Najua mmesimama mkaisifu. Hata mimi niliisifu.

Mwenye nyumba tunamwita Kioo. Jina hilo tulimpa sisi majirani, kwa sababu hajawahi kupita kando ya gari lililoegeshwa bila kuinama kidogo kujitazama. Ni mtu mzuri, msije mkamchukia. Anasimamia ghala la saruji, anarudi na vumbi mpaka kwenye kope, lakini viatu vinang'aa. Anaishi na mkewe, mshonaji, na mama yake mzazi.

Mama alikaa chumba cha nyuma. Miguu yake ilikuwa imegoma kitambo, ila sauti ilibaki ya msichana. Asubuhi, sisi tuliopakana nao ukuta tulikuwa na burudani ya bure.

"Baba!" Alimwita mwanawe hivyo kwa kuwa amerithi jina la babu yake.

"Naam, mama," Kioo anajibu kutoka bafuni.

"Unafanya nini humo muda wote?"

"Nanyoa ndevu."

"Basi ukimaliza nyoa na hicho kitambi."

Tunacheka huku, wao wanacheka kule, siku inaanza. Lakini haikuwa mizaha tu. Kuita ndiyo ilikuwa miguu yake. Akitaka maji, aliita. Akitaka kugeuzwa, aliita, na mtu akaja.

Sasa, mabati yao yalizeeka. Yakavuja, dari la mbao likaoza na kuanza kuning'inia. Kioo akaamua kuezeka upya. Fundi akaja na vipande vyake vya rangi, akavipanga mezani kama mcheza karata. Mimi nilikuwapo, maana mimi ni mmoja wa wale watu wanaoitwa kushauri na wanabaki mpaka chai iishe.

"Bati ni hili," fundi akasema. "Hayo mengine ni nyongeza, mnachagua wenyewe. Kuna kipaa cha urembo juu ya baraza, kwa mbali watu watadhani ni ghorofa. Kuna mifereji ya rangi hiyohiyo. Kuna taa za ukingoni. Na kuna dari jipya, kama mtalitaka."

"Kumbe dari halimo?" mke akauliza.

"Dari ni kazi ya peke yake, shemeji."

Uwezo wa kuchukua vyote haukuwepo. Mke akasema dari litangulie. Kioo alikuwa ameshika kipande cha bati, anakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Dari nani ataliona?" akasema. "Mtu anapita barabarani, ataona dari?"

"Sisi hatupiti barabarani, mume wangu. Sisi tunalala humu."

Mama alikuwa amekalishwa mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Akasema taratibu, "Mimi naomba kitu kimoja, baba. Chumba changu tu. Bati tupu likipigwa na mvua, nitawaitaje?"

Kioo akacheka, na alicheka kwa upendo. "Mama, sauti yako inafika sokoni."

"Nikiwa mzima, inafika."

"Tutaliweka, mama. Tumalize kwanza la nje. La ndani halina haraka."

Hapo ndipo pa kusikiliza, jirani zangu. Hakusema hapana. Angesema hapana, mkewe angesimama naye mpaka kieleweke. Alisema tutaliweka, na mbele ya neno hilo kila mtu hunyamaza, kwa sababu utagombana vipi na mtu aliyekwisha kukubali?

Dari bovu likang'olewa, paa likapanda. Kipaa kikachomoza mbele kama kofia ya askari, taa zikawaka, watu wakasimama barabarani kupiga picha. Kwa chumba cha nyuma, ambako hakuna mpita njia, kulikuwa na bati tu na mbao zake.

Mvua ya kwanza ilipokatika, Kioo aliingia kwa mama yake akamkuta amelowa kitandani. Si kwa kuvujiwa.

"Nimeita mpaka nimeitika mwenyewe," mama akasema.

Alisema kwa mzaha, kumfichia mwanawe aibu. Kioo akabadilisha shuka, akasema atamwona fundi. Akamwona kweli. Wakaongea habari za kuongeza taa upande wa geti.

Jumapili moja mchana wenzake wa ghalani walikuja kulitazama paa. Tukajaa sebuleni. Wageni walipoanza tu kula, mvua ikashuka. Jamani, ile haikuwa kelele ya kawaida. Ilikuwa kama lori linamwaga kokoto juu ya vichwa vyetu na halimalizi. Mgeni mmoja akaomba chumvi, akaletewa kijiko. Tukaanza kuongea kwa mikono, tukachekana tulivyo kama mabubu.

"Paa lako linajua kuongea," mmoja akamfokea Kioo sikioni.

"Likizoea litanyamaza," Kioo akafoka naye, akijipangusa machozi ya kicheko.

Mvua ilipopungua, mke akampakulia mama, akaenda nyuma. Tukasikia sahani inavunjika.

Mama alikuwa sakafuni. Alikuwa amejivuta kutoka kitandani mpaka mlangoni. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka, jicho linatutazama, mdomo unatafuta neno na haulipati. Vifundo vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimechubuka ngozi. Aligonga ule mlango. Sijui aligonga kwa muda gani, na sebuleni tulikuwa tunacheka.

Hospitalini daktari, binti mdogo tu, aliuliza, "Hali hii imeanza saa ngapi?"

Kioo akamtazama mkewe.

"Ni kiharusi," daktari akasema. "Dawa yake ina saa zake. Lazima nijue ilianza lini."

"Hatujui."

"Alikuwa peke yake? Ninyi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Sebuleni," Kioo akasema.

Mama hakufa. Alirudi nyumbani bila nusu ya mwili na bila ulimi kabisa. Fundi akaitwa upya, na safari hii Kioo hakuuliza rangi. Dari zito, jeupe, limetandikwa sponji juu yake. Nilikwenda kumjulia hali mama siku ya mvua kubwa, na mvua niliiona dirishani tu, sikuisikia. Kioo alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, siku ile uliniita?"

Mama akamtazama.

"Uliita sana? Sema lolote, mama. Hata nitukane."

Midomo ikatikisika. Kioo akainamisha sikio mpaka likagusa mdomo wa mama yake, akangoja. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba nilimsikia mama akimeza mate. Nikatoka bila kuaga.

MAFUNZO

Jirani zangu, fundi akikuletea nyongeza za paa, usizichague kwa ajili ya barabara. Mpita njia atalitazama paa lako kwa dakika moja, halafu ataendelea na safari zake. Anza kwenye chumba cha yule asiyeweza kunyanyuka. Keti kitandani kwake, tazama juu anakotazama yeye mchana kutwa, umuulize anataka nini. Akikutajia, hilo ndilo la kwanza, na urembo utangoja. Tamaa ya kusifiwa haimfanyi mtu kuwa mbaya. Inamfanya aahirishe, na kuahirisha kunaweza kumwangusha mtu mlangoni huku watu wa nyumba nzima wako macho. Kama kwenu kuna mzazi aliyeomba jambo dogo ukamwambia utalifanya, funga maandishi haya, uende ukalifanye angali anaweza kukwambia umekosea.