Sauti Iliyokauka ya Liau Kheng-hun

Wiki ambayo Wajapani waliwaruhusu watu wa Tainan, mji wa koloni lao, kupiga kura kwa mara ya kwanza, mwanasiasa Liau Kheng-hun alikutwa amekufa asubuhi katika chumba chake cha kusomea, kisogo kimepasuka. Jiwe lake la kusagia wino lilikuwa mezani, limeoshwa, bado limelowa.

Konstebo Tiunn Ban-sui alimwinamia maiti asijue ahisi nini. Wakubwa wake wa Kijapani walikuwa wamemtuma amfuate mtu huyu tangu alipoanza kudai baraza la wenyeji: mikutanoni, mahakamani, hadi lango la gereza. Hotuba zake alizijua kuliko nyimbo za mama yake mzazi.

Alianza na mpinzani wa marehemu, Khu Thian-su, mwenye kinu cha mpunga.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hekaluni, na nusu ya mtaa! Kaulize. Nimuue ya nini? Nilitaka nimbwage kwa kura, nimcheke mpaka nizeeke. Sasa nitamcheka nani?" Machozi yakamtoka. Tiunn akazidi kuchanganyikiwa.

Mjane, Giok-ti, alisema, "Ameamka sauti imekauka, ananong'ona tu. Nikakimbilia sokoni kumtafutia pea za kuchemsha, dawa ya koo. Narudi, namkuta hivi."

"Nani mwingine alijua habari ya sauti?"

"Nani angejua? Jana si alihutubia vizuri tu!"

Ndipo akaingia Siau Tsuan-hok, swahiba aliyefungwa pamoja na marehemu, analia kama mtoto.

"Mara ya mwisho ulimwona lini, mzee?"

"Jana mchana, mkutanoni. Masikini, hata kuita msaada hakuweza, na sauti ile iliyomkauka!"

Tiunn alimtazama. "Sauti gani, Mzee Siau? Jana alisikika mpaka stesheni. Nilikuwepo."

Mzee aliketi sakafuni.

"Nilipita alfajiri," alisema. "Akaninong'oneza amekubali kiti cha barazani cha kuteuliwa na gavana. Kiti cha kupewa, afande! Mwanangu alifia gerezani akidai kura. Midomo yake ilikuwa bado inacheza, lakini mimi sikutaka kusikia zaidi. Alipogeuka kunimiminia chai, nikalichukua lile jiwe."

"Shemeji," mjane alisema taratibu, "alikubali ili siku ya kuapishwa akikatae mbele ya watu wote. Aliniambia jana. Ndilo alilokuwa anataka kumalizia kukuambia."

Siau alimgeukia konstebo. "Wewe umemsikiliza miaka yote. Kweli angekikataa?"

Tiunn alizipekua hotuba zote kichwani. Kuna siku alimwona Liau kama simba. Kuna siku alimwona mtu anayependa viti vya mbele. Giok-ti alikuwa anamtazama, anangoja.

"Angekikataa," alisema, asijue kama huo ulikuwa ushahidi au rambirambi.

Kisha akamshika mzee mkono, akamwinua, wakatoka pamoja.