Mawese ya Chini ya Bidoni

Lori lililobeba jeneza la Mama Mushiya lilikuwa limeshaipa Kolwezi mgongo, likielekea kwao Musumba, pikipiki ya Inspekta Kankolongo ilipolipita vumbini na kulizibia njia.

Waombolezaji waliacha kuimba. Kalombo, mdogo wa marehemu, aliinama kutoka juu.

"Tata Inspekta, barabara ni mubaya, na maiti hangojake. Mulozi si mulishamufunga?"

"Kabemba yuko mahabusu," alisema Kankolongo. "Namtaka Mama Mwadi."

Mwadi, binti pekee wa marehemu, alishuka polepole, akamfuata nyuma ya lori.

Mushiya alikuwa mpishi mkuu katika kantini ya mgodi. Alikutwa amekufa sakafuni stoo, kando ya bidoni, dumu la mawese, koo limeungua. Kabemba, msaidizi aliyekitamani cheo chake, ndiye aliyekuwa naye. Jamaa walimpiga vibaya kabla polisi hawajafika. Hata Kankolongo aliamini ni yeye, mpaka asubuhi hiyo alipoingia maabara kwa Jessica, mkemia.

"Napima asidi huru ya mafuta," Jessica alimweleza. "Nayeyusha mafuta katika alkoholi, natia kiashiria, halafu nadondosha soda kali mpaka rangi ya waridi ibaki. Mafuta yaliyochacha hunywa soda nyingi."

"Na haya ya kantini?"

"Ya juu yamekunywa kidogo tu. Mawese ya huku huwa yamechacha, hayawi hivyo. Ya chini yaligeuka waridi kabla sijadondosha kitu."

"Maana yake?"

"Soda ilikuwa ndani tayari, Tata. Soda kali, ya kupikia sabuni. Hawakukoroga vizuri, ikazama."

Kankolongo alikumbuka kilio cha Kabemba selo: "Mama alionjaka ya chini. Alisema benye kudanganya banafichaka ubaya chini. Mi sikugusa kitu."

Na katika jamaa ya marehemu, aliyesikia kuwa anauza sabuni ni Mwadi. Sasa, nyuma ya lori, alimtazama mikononi. Vidole vilikuwa na makovu meupe.

"Unapika sabuni, mama?"

"Ndiyo, Tata. Kwetu, kule Kasulo."

"Lile bidoni nani alileta kantini?"

Mwadi alificha vidole ndani ya kanga. Juu ya lori mtu alikohoa.

"Njo mimi nilileta."

"Mara ya kwanza?"

"Ya pili. Ya kwanza mama alikatala. Alisema imechacha. Mbele ya bapishi bote."

"Ukamchukia."

"Hapana." Alijifuta uso kwa kanga. "Bwana yangu alichimba madini mu chumba, chini ya kitanda. Shimo ikamumeza. Batoto banalala juu ya ile shimo, Tata. Kantini ingetwaa mafuta yangu, tungehama."

"Na soda?"

"Mu sabuni inaondoaka uchachu. Nikasema na mu mafuta itaondoa. Nikaonja ya juu. Ilikuwa muzuri."

"Hukujua mama yako anaonja ya chini?"

"Nilijua." Aliangalia jeneza. "Ya batu bengine. Yangu, nilifikiri ataonja ya juu. Mi ni mutoto yake."

Kankolongo alijifanya anaitafuta kalamu.

"Na Kabemba kule ndani?"

"Nilitaka nimuzike mama kwanza. Kisha ningesema."

Labda angesema. Inspekta hakujua, na sheria haikumwuliza yeye.

"Niache nimuzike, Tata."

"Siwezi, mama."

Lori liliondoka bila yeye. Safari hii hawakuimba.

Mushiya alizikwa Musumba. Kalombo ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Mwadi alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, na bado yuko gerezani. Kabemba aliachiliwa, jicho moja halioni. Kantini ilimpa cheo cha Mushiya, akakikataa. Anauza chikwangi, mkate wa muhogo, sokoni Fungurume. Jessica bado anapima mafuta. Kankolongo aliomba kituo kingine, akanyimwa.

Watoto wa Mwadi walihama Kasulo. Wanakaa kwa Kalombo, na ardhi ya chumba chao haijachimbwa.