Nani Anawauza Nyuki?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Edvina alifagia uwanja, akachota maji bombani, kisha akahesabu kuku wa bibi yake. Kazi hiyo ya kuku hakuna aliyemtuma. Kuku mmoja akichelewa kutoka migombani, Edvina alishaanza kumtupia jirani jicho la pembeni.

"Mtoto huyu alitakiwa azaliwe polisi," bibi yake, Ma Anatolia, alizoea kusema.

Edvina alisoma darasa la sita katika shule moja ndogo ya Ijuganyondo. Timu yao ya netiboli iliitwa Nyuki, naye alikuwa mchezaji wa akiba. Kwa kuwa alikaa sana benchi, Mwalimu Datius, kocha wao, alimpa kazi ya kuhesabu magoli. Edvina alichora mstari mmoja kwa kila goli, kwa mkaa, kwenye ubavu wa boksi la biskuti. Kila mechi aliigawa katika robo zake nne, magoli ya Nyuki juu, ya wapinzani chini.

Msimu ulibakiza mechi moja tu, ya ugenini kule Nshamba, wilayani Muleba. Nyuki wakishinda, wangekwenda mashindano ya mkoa. Wakishindwa, basi tena. Siku ya Jumatano Edvina alilaza boksi lake kwenye sakafu ya darasa, akapiga magoti mbele yake kama mtu anayetafuta sindano.

Mechi za nyumbani: robo zote nne, Nyuki wako juu. Mechi za Kahororo na Bilele, hapo hapo mjini kwao: robo zote, Nyuki wako juu. Lakini Kamachumu, Kagoma na Muleba mjini, zote za wilaya ya Muleba! Robo ya kwanza Nyuki wanauma, ya pili wanauma. Ya tatu wanaanza kudondosha mipira. Ya nne ni aibu. Edvina aliikumbuka vizuri: wachezaji wanachekacheka hovyo, na Kokuhirwa, mfungaji wao hodari, anarusha mpira kuelekea kwenye pete kama mtu anayetungua parachichi.

"Koku, njoo uone," alimwita. "Kuna mtu anatuuza."

Kokuhirwa akainama. "Anatuuza kwa nani?"

"Tunaanguka Muleba tu. Sasa niambie, ni nani kwenye timu yetu ametoka Muleba?"

Hilo halikuhitaji kufikiriwa. Joyness, mlinzi wa goli, msichana mrefu asiye na maneno mengi, alihamia shuleni kwao mwaka uliopita kutoka huko huko Nshamba.

"Lakini Edvina, Joyness ndiye anayecheza vizuri robo ya tatu kuliko sisi wote."

"Ndiyo hapo sasa! Tunaanguka wote, yeye peke yake kasimama. Kwa nini?"

Kokuhirwa alilitazama boksi tena. Edvina naye akakumbuka jambo lililomfanya asimame wima. Kule Kagoma, wakati wa mapumziko baada ya robo ya pili, alimwona Joyness akizunguka nyuma ya choo na kikombe chake cha juisi, akaimwaga yote chini. Juisi ile ya ndizi, bibi yake Edvina ndiye aliyewatengenezea, na kila mtu aliipenda. Siku za safari ilikuwa na ladha ya pekee, ya kuchomachoma ulimi kama soda.

"Hainywi," alinong'ona. "Anajua kuna kitu ndani. Ametia kitu!"

"Mawe! Mama yangu!" Kokuhirwa akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Kufikia Alhamisi mchana timu nzima ilikuwa imeshapata habari. Kwenye mazoezi hakuna aliyempa Joyness mpira. Aliposogea kuchota maji, wenzake walifunika vikombe vyao kwa viganja. Alipokaa kwenye benchi, benchi zima lilihama.

"Nimefanya nini?" aliuliza.

"Jiulize mwenyewe, mtu wa Nshamba," akajibiwa.

Ijumaa baada ya vipindi, Mwalimu Datius aliwaita wote chini ya ukuta wa stoo. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Nasikia humu ndani kuna mchawi," alisema. "Nasikia pia kesho hamtaki kucheza naye. Aliyeanzisha habari hii asimame."

Edvina alisimama. Boksi alilishika imara. Akaeleza robo moja moja, mechi moja moja, mpaka akafika kwenye kikombe kilichomwagwa nyuma ya choo. Alieleza vizuri kiasi kwamba wasichana wawili waliosimama karibu na Joyness walisogea pembeni.

Mwalimu akamgeukia Joyness. "Ni kweli ulimwaga juisi?"

"Ni kweli, Mwalimu. Kamachumu pia nilimwaga. Na Muleba mjini."

"Mmesikia!" Edvina alipaza sauti.

"Tulia, wewe. Joyness, kwa nini?"

Joyness alitazama vidole vyake vya miguu. "Ilikuwa inanuka rubisi, Mwalimu. Baba yangu mdogo anapika pombe, ile harufu naijua. Na nyumbani nimekatazwa kuigusa."

Kelele zikalipuka. Pombe? Walikunywa pombe?

"Muongo!" Edvina aliwaka. "Bibi yangu ni mzee wa kanisa! Awape watoto pombe?"

"Kwa nini hukusema mapema?" Mwalimu alimuuliza Joyness.

"Ningesemaje, Mwalimu? Nimwambie mtu kwamba bibi yake anatunywesha pombe? Mimi mgeni? Si wangenila nyama!"

Mwalimu Datius mwenyewe hakuwahi kuionja juisi ile, maana ana kisukari. Alilichukua boksi, akaliinua kwenye mwanga, akalitazama muda mrefu.

"Edvina, mistari hii ya Kagoma, robo ya kwanza, umeichora wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Imesimama vizuri kabisa. Na hii ya robo ya nne ni nani aliyeichora?"

Edvina alisogea kuangalia. Mistari ya robo ya nne ilikuwa imelala, mingine imepandana, mmoja ulitoka nje kabisa ukaenda kukatiza kwenye picha ya biskuti. Akaangalia Kamachumu. Vile vile. Muleba mjini, vile vile. Msimu mzima alihesabu makosa ya wenzake, mkono wake mwenyewe hakuwahi kuutazama.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nasinzia."

"Ulikunywa?"

"Vikombe viwili, Mwalimu."

"Haya. Twendeni kwa Ma Anatolia. Joyness, wewe utangulie na mimi."

Walimkuta Ma Anatolia jikoni akimenya matoke, na Ta Byarugaba, babu yake Edvina, amekaa mlangoni akinoa panga. Mwalimu alisalimia kwa adabu, akauliza kama juisi ya kesho iko tayari.

"Iko tayari, waitu, Mwalimu wetu. Nimeikamua asubuhi, maana kesho mnaondoka alfajiri. Ile pale pembeni ya mafiga."

Lilikuwa dumu la njano, na ubavu wake ulikuwa umevimba. Ma Anatolia alipofungua kizibo, kilimponyoka, dumu likatoa pumzi *psssss*, povu likapanda hadi mdomoni. Bibi akanusa, akarudi nyuma. Akanusa tena.

"Byarugaba!" aliita. "Hili dumu si ndilo lako la rubisi?"

"Ndilo. Si nililisuuza?"

"Ulilisuuza kwa maji au kwa maneno?"

Ta Byarugaba akaongeza bidii katika kunoa panga.

Ma Anatolia alikaa chini taratibu, mikono kichwani. Akaeleza kwa masikitiko. Siku za mechi za karibu aliikamua juisi asubuhi ile ile, ikaenda kwenye ndoo na kunywewa ingali mbichi. Siku za Muleba aliikamua siku moja kabla, akaiweka kwenye dumu kwa ajili ya safari. Machicha ya rubisi yaliyoganda ndani ya dumu, pamoja na joto la mafiga, yaliichachusha usiku kucha.

"Nimewalevya watoto wa watu," alisema. "Mimi, mzee mzima! Mwalimu, nisamehe. Kesho Jumapili nitawaomba msamaha wazazi wao wote kanisani, na wale wa misa nitawafuata majumbani."

"Kesho Jumamosi, Bibi," Edvina alisahihisha.

"Wewe nyamaza!" Bibi alimgeukia. "Mimi nimekosea dumu. Dumu nitalisugua kwa mchanga na maji ya moto, na kama halitatakata nitalitupa. Wewe umechafua jina la mtoto mwenzako shule nzima. Hilo utalisugua na nini?"

Edvina alimgeukia Joyness. "Nisamehe," alisema, machozi yakimlengalenga.

Joyness alimtazama bila hasira, lakini pia bila tabasamu. "Uliponisema, ulinisema mbele ya watu wangapi?"

"Wote."

"Basi."

Alfajiri ya Jumamosi, gari la kukodi lilipokuwa bado halijawashwa, Edvina alisimama katikati ya wachezaji. Akasema Joyness hakutia kitu, hakuuza mechi, na kwamba maneno yote yale aliyatunga yeye kichwani mwake. Hakumtaja bibi wala dumu kama kisingizio. Kokuhirwa naye akasimama, akasema, "Mimi niliyasambaza. Nisamehe, Joyness." Mmoja mmoja, wengine wakaitikia. Gari lilipoanza kupanda vilima vya kuelekea Muleba, Joyness alikuwa amezungukwa na watu wanaomuuliza mlinzi wa Nshamba ana udhaifu gani.

Wakati wa mapumziko walikunywa maji yaliyochemshwa na kula ndizi mbivu. Robo ya tatu ilianza, na Edvina akashika mkaa wake tayari. Kokuhirwa alipokea mpira, akageuka, akafunga. Akafunga tena. Nshamba nao hawakuwa watu wa kuchezea. Walirudisha yote, na robo ya nne ikaingia timu zikiwa sawa. Mashabiki wa nyumbani walimzomea Joyness wakimwita msaliti. Yeye aliendelea kuruka tu. Dakika za mwisho mfungaji wa Nshamba alirusha mpira, Joyness akaunyaka juu kabla haujafika kwenye pete, akampasia senta, senta akampa Kokuhirwa. Goli! Filimbi ikalia, Nyuki mbele kwa goli moja.

Walipochoka kurukaruka, Mwalimu Datius aliwakalisha kwenye majani.

"Kwanza, mimi pia nina kosa," alisema. "Kocha anatakiwa ajue wachezaji wake wanakunywa nini, na kimetunzwa kwenye chombo gani. Kuanzia leo, kitu chochote kikiwa na harufu au ladha msiyoielewa, mwambieni mtu mzima, hata kama kimetoka kwa mtu mnayemheshimu. Joyness, kunyamaza kwako kulitokana na adabu, lakini adabu isikuzuie kusema jambo la afya."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Edvina."

Edvina aliinamisha kichwa.

"Inua kichwa. Kazi yako ilikuwa nzuri, na bila hiyo tungeanguka tena leo. Hesabu zako zilikuambia tunaanguka lini, na wapi. Hazikukuambia nani. Hilo la nani ulilileta wewe, kwa sababu yule mtoto alikuwa mgeni na hana maneno mengi. Siku nyingine hesabu zikikufikisha mahali ukakwama, nenda kwa mtu umuulize. Kumuuliza Joyness kungekuchukua dakika moja tu, na asingelia kwa siku mbili."