Mtu Mzima Asiye Mzima

Nyumba ile ilikuwa na amani, wenzangu, amani ya kuonewa wivu. Asubuhi cherehani ya baba ilianza kunguruma chumba cha mbele kabla jua halijafika dirishani. Mama alipita na kikombe cha chai, akauliza, "Umeamkaje?" Baba, bila kuinua macho kwenye pindo, akajibu, "Mzima." Binti alitoka chumbani akipiga miayo: "Shikamoo, baba." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Jirani akichungulia mlangoni, "Habari za hapa?" wote watatu waliitikia kwa pamoja kama kwaya: "Nzuri!"

Kwaya hiyo ndiyo iliyokaribia kuwaulia mtu.

Baba alikuwa fundi cherehani, na mtaa wote ulimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine walikuwa wanajaribu tu. Binti yake alifanya kazi meza ya pili, akitia vifungo na kukunja mapindo. Kwa sababu ya ulimi wake, mtaa ulimbandika jina la Sindano, nalo likamkaa kuliko alilopewa na wazazi.

Katika nyumba hiyo palikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: kujikaza. Mama aliwahi kukaa na jino bovu mpaka shavu likaumuka kama mto wa kulalia, na ukimuuliza hali alijibu "Sijambo" kwa upande mmoja wa mdomo. Sindano alifanya mtihani wake wa mwisho chuoni akiwaka homa, akaja kuamshwa na msimamizi, shavu limeganda kwenye karatasi. Na babu, baba yake Fundi, aliulizwa asubuhi moja, "Hujambo?" Akasema, "Sijambo kabisa." Chakula cha mchana kilipoiva, alikuwa ameshapoa kwenye kiti chake. Msibani watu walimsifu: "Mwanamume yule! Hakumsumbua mtu." Fundi alizishika sifa hizo, akazivaa kama koti la urithi. Mtu aliyejua kwa jicho tu koti linalombana mteja kwapani, hakuona kwamba lake lilikuwa linamnyonga.

Safari ilianza na suruali. Mteja mmoja alileta suruali ya kupandia mlima ipunguzwe urefu, na akiwa anasubiri akaonyesha kwenye simu yake picha za kule alikotoka: maziwa mawili juu kabisa, penye miamba mitupu, maji ya buluu, na ndani yake samaki aina ya trauti, wale wa maji baridi wenye vitone ubavuni. Fundi aliyekuwa akivua mtoni utotoni alishika ile simu muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Dada yake mkubwa, Shangazi kwa Sindano, naye akachochea. "Nenda basi! Umekaa kwenye hicho kiti mpaka kimechukua umbo la makalio yako."

"Nitakwenda. Na wewe utakuja kunibebea samaki."

Basi wakafunga duka, wakapanda gari lililowapandisha kutwa nzima, wakalala kwenye vibanda vya wageni karibu na lango la mlima. Asubuhi walimkuta kiongozi wao akiwasubiri, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya sufu na maneno machache.

"Nisikilizeni kabla hatujainua mguu," alisema. "Huko juu hewa ni nyepesi. Kichwa kikiuma, ukitapika, ukianza kupepesuka, unaniambia. Dawa yake ni kushuka. Hakuna aibu. Haya, wote wazima?"

"Wazima!" iliitikia kwaya.

Sindano alimtupia jicho mama yake, kwa sababu aliitikia akiwa anaangalia chini. Lakini kamba za viatu nazo hutaka kuangaliwa. Akapuuza.

Walipita msitu, wakapita vichaka, kisha miti ikawaacha na yakabaki majani magumu na mawe. Shangazi alilalamika mwendo wote kwa raha zake: magoti, jua, jiwe lililomwangalia vibaya. Fundi hakusema kitu. Alisimama kila baada ya hatua chache "kutazama mandhari", ingawa Sindano aliona anatazama vidole vya viatu vyake. Na kitu kingine kilimkera bila kujua ni nini, mpaka walipofika kwenye ukingo wa ziwa la kwanza. Baba hakuwa anapiga mluzi. Mtu huyu alipiga mluzi akishona, akioga, akitafuta miwani. Tangu langoni, kimya.

Ziwa lilikuwa limetulia kama kioo kilichofutwa. Ng'ambo palikuwa na wavuvi wengine wachache. Kiongozi aliwafundisha kurusha mshipi, na yule ambaye hakutaka hata kushika fimbo ya kuvulia ndiye aliyepata wa kwanza.

"Kitu kinanivuta!" Shangazi alipiga kelele. "Kinanivuta, jamani, nishikeni!"

"Mvute na wewe, wifi!" Mama alicheka.

Trauti akatua kwenye majani, mnene, anameremeta, vitone vyake kama kitambaa kipya. Shangazi alimtia kwenye mfuko wake na tangu hapo hakulalamikia tena magoti.

Mshipi wa Fundi ukanasa kwenye mwamba, ukakatika. Hilo humpata kila mvuvi. Akachukua ndoana mpya, akalamba ncha ya mshipi, akailenga kwenye tundu. Ikapita pembeni. Akalamba tena. Ikapita pembeni. Sindano akaacha kuvua.

Wasomaji wangu, huyu ni mtu aliyetunga uzi kwenye sindano umeme ukiwa umekatika, huku akizungumza na mteja na kumfukuza paka kwa mguu. Tundu la ndoana ile lilikuwa pana mara nyingi kuliko la sindano. Naye akakosa tena.

"Upepo huu," alinong'ona.

Ziwani hapakuwa na kiwimbi hata kimoja.

"Baba, nipe nikutungie."

Alimpa. Mkono wake ulikuwa unatafuta wa binti yake kama mtu anayetafuta swichi gizani. "Asante, dada," alisema.

"Dada?"

"Ziwa la juu ndilo lenye wakubwa," Fundi aliendelea, akasimama, akaenda upande kama ndama aliyezaliwa leo. "Twendeni juu."

Sindano akamvuta mama yake kando. "Mama, umemwona?"

"Mwache. Amechoka tu."

"Ameniita dada."

"Mwanangu, usimwaibishe baba yako mbele za watu. Anajikaza."

Kiongozi alikuwa ameshafungasha. Akaita kutoka kwenye njia, kama alivyoita kila kituo: "Tunapanda la juu. Wote wazima?"

"Wazima!" walisema Fundi, Mama na Shangazi. Na mdomo wa Sindano, kwa mazoea ya maisha yake yote, ulikuwa umeshafunguka kuitikia nao. Neno lilikuwa mlangoni. Akalirudisha ndani.

"Si kweli," alisema. "Baba si mzima."

Fundi akageuka polepole. "Nani amekuuliza? Mimi ni mtu mzima!"

"Mtu mzima ndiyo, baba. Lakini si mzima."

"Funga mdomo. Kiongozi, twende!"

Kiongozi alisita kidogo, akamtazama mwenye familia, kisha akaanza kupanda. Alikosea, na baadaye alikiri mwenyewe: miaka yote mlimani, bado sauti ya baba ilikuwa na uzito kuliko ya binti. Fundi akamfuata akipepesuka. Sindano akaona migongo yao, akaona jiwe na jiwe jingine na mwamba mrefu huko juu. Akavuta hewa yote iliyokuwepo, nayo ilikuwa kidogo, akapiga ukelele:

"Kiongozi, usipande! Baba muongo!"

Mwamba ukalipokea neno, ukalirudisha: *Muongo!* Mwamba wa pili nao: *...ongo!* Likazunguka ziwa zima kabla ya kunyamaza. Ng'ambo, wavuvi walishusha fimbo zao. Shangazi alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Kumwita baba yako muongo sebuleni, mlango umefungwa, ni balaa. Huyu alimwita kwa msaada wa mlima.

Lakini kiongozi alirudi. Alimsimamisha Fundi kwenye ufa ulionyooka juu ya jiwe bapa, akamwambia atembee juu yake, kisigino mbele ya kidole. Fundi, mtu wa mistari iliyonyooka, alijaribu mara moja akakaa chini kwa kishindo.

"Kichwa kinauma tangu lini?"

"Mimi sijambo," alisema Fundi, machozi yakimtiririka bila yeye kujua.

Ndipo Mama akavunjika. "Tangu jana. Ametapika nyuma ya kibanda, na alfajiri tena. Aliniambia nisiseme. Nami nikanyamaza!"

Uso wa kiongozi ukabadilika. "Tunashuka sasa hivi."

"Sishuki," Fundi aling'ang'ania, amekumbatia jiwe. "Nimekuja kuvua. Nitashuka na samaki."

Wakamvuta, hakuvutika. Wakambembeleza, akawa kama mtoto wa mwaka mmoja aliyekaa njiani. Sindano akaupokonya mfuko wa Shangazi, akamtoa trauti, akamweka mikononi mwa baba yake. "Huyu hapa samaki, baba. Umemvua. Haya, twende."

"Samaki wangu!" Shangazi alilia.

"Shangazi, tafadhali!"

Fundi alimtazama samaki kwa mshangao, akatabasamu, akasimama.

Walishuka hivyo: kiongozi kwapa moja, Sindano kwapa la pili, Mama nyuma ameshika mkanda wa suruali yake, na Fundi amemkumbatia trauti kifuani kama mtoto mchanga. Kwenye miti ya kwanza magoti yalimwisha. "Nilale kidogo tu," alisema. "Hali yako?" aliuliza kiongozi. "Nzuri," alijibu, macho yanafunga. Sindano akamfinya. "Usiniambie nzuri! Niambie inauma wapi!" Na kwa mara ya kwanza katika maisha ya binti huyo, baba yake akasema kwa sauti ndogo: "Kichwa, mama. Kichwa kinapasuka."

Kiongozi alikuwa ameshaita kwa redio. Vijana wa langoni waliwakuta njiani na machela, wakamkimbiza zahanati, akavikwa kifaa cha hewa. Mganga alimpima, akamdunga sindano, akatoka barazani akivua glavu.

"Ubongo ulikuwa umeanza kuvimba," alisema. "Mngempandisha lile ziwa la juu, mngemshusha kwa machela vilevile. Ila ile isiyo na haraka."

Wakakaa kwenye benchi kusubiri.

Jua lilipokuwa linainama, pazia lilifunuliwa wakaitwa. Fundi alikuwa ameegemea mito, macho yake yamerudi nyumbani. Aliwatazama mmoja mmoja, akawataja wote sawasawa. Kisha akakunja uso.

"Samaki wangu yuko wapi?"

"Wako?" Shangazi alifoka. "Wako wewe!"

Wakacheka. Mama alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akalala kwenye miguu ya mumewe, na kutoka nyuma ya kifaa cha hewa ikasikika sauti iliyolegea, isiyo na wimbo kamili, lakini mluzi ulikuwa mluzi.

Siku hizi ukipita dukani kwake uwe na muda. Mteja aliyesema kwa haraka, "Habari za leo, Fundi?" alijibiwa: "Goti la kushoto linauma, usiku tumbo lilijaa gesi, lakini macho safi. Na wewe? Usiseme nzuri. Vua koti nikupime, na wakati nakupima sema kweli." Wengine wameanza kumpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Mama naye alisema siku moja, akiwa anaosha vyombo, kama anayetaja hali ya hewa: "Mgongo huu ni mwaka wa pili sasa." Kesho yake alipelekwa hospitali, na anaendelea na matibabu.

Funzo

Salamu ni adabu, nami sina ugomvi na adabu. Lakini jibu la salamu si kiapo. Ukishamjibu jirani "nzuri", mgeukie wa nyumbani kwako umwambie ukweli. Kujikaza kumesifiwa kupita kiasi katika nyumba zetu: tunawafundisha watoto kumeza maumivu, kisha tunakaa msibani tukiulizana mbona hakusema. Enyi akina baba, msiwatume wake zenu na watoto wenu kuwafichia ugonjwa. Hiyo si heshima, ni mzigo. Nanyi vijana, mkiona mkono uliotunga uzi miaka yote umeshindwa na tundu, msiitikie pamoja na kwaya. Nyamazeni kwanza, kisha semeni. Heshima ya mzazi ni awepo kesho uendelee kumheshimu.

Shangazi hajaridhika na funzo hili. Mpaka leo, akija kushonewa, huketi kwenye kiti cha wateja, hukohoa, na huanza palepale alipoachia. Juzi alianza tena.

"Ulimwita baba yako muongo mbele ya mlima mzima. Amepona, tumeshukuru. Sasa mwombe radhi, yaishe."

Fundi aliendelea kushona, mluzi umemganda mdomoni, akisikiliza.

Sindano alikata uzi kwa meno. "Kwa ajili ya samaki, Shangazi, nakuomba radhi kabisa."

"Na kwa lile neno?"

"Kwa lile neno, siombi."